Difyuza haifanyi kazi? Anza kutafuta mbele ya gari

Tuanze na jina, maana kila mara kuna anayechanganya. Difu ni lile kasha la gia kwenye ekseli ya nyuma. Difyuza ni kitu kingine kabisa: ni ile sehemu ya sakafu ya chini ya gari inayoanza kupanda karibu na ekseli ya nyuma na kuishia kwenye bampa. Watu huinunua kama pambo, huibandika, kisha huanza kulalamika. Malalamiko ni yaleyale kila msimu, nami nimeyapanga hapa kwa dalili, kwa maneno yanayotumiwa na madereva wenyewe.

Mfano wangu ni saluni, yaani gari la kawaida la familia, iliyoandaliwa kwa mbio za saketi, tuseme Subaru Impreza iliyong'olewa viti, kwa kuwa ndiyo gari ambalo wengi wetu tunalo au tunalitamani. Wanafunzi wanaojenga vigari vya fomula, vile vidogo vya mbio vya kiti kimoja, watapata yao humu pia. Wa rali wanaokula vumbi la Naivasha hawatafaidi sana: gari lililonyanyuliwa ili lipite mawe liko mbali mno na ardhi kwa kazi hii.

Kazi yenyewe ni hivi. Hewa inayoingia chini ya gari inabanwa kati ya sakafu na lami, inakimbia, na presha yake inashuka. Juu ya gari presha ni kubwa zaidi, kwa hiyo gari linabonyezwa chini. Difyuza inaitanulia hewa njia taratibu ili ipunguze mwendo na kurudi kwenye presha ya kawaida kabla ya kutoka nyuma. Ikiifanya kazi hiyo vizuri, hewa nyingi zaidi inavutwa kutoka mbele. Angalia hapo: presha huwa ndogo kuliko kote kwenye koo, pale sakafu inapoanza kupanda. Mdomo wa nyuma unaoonekana kwenye picha ndio sehemu yenye mvuto mdogo kuliko zote. Ndiyo maana nusu ya "matatizo ya difyuza" ninayoletewa chanzo chake kiko mita moja au mbili mbele yake, na ndiyo maana ninakusihi usiguse pembe ya difyuza mpaka umalize kukagua vilivyo mbele.

Vifaa vya uchunguzi ni vya kawaida: nyuzi za sufu, tepu, kamera ndogo, rula ya chuma, na simu yenye programu ya kupima pembe. Kata nyuzi za sentimita 8 hadi 10, zibandike kwa ncha moja chini ya sakafu na ndani ya difyuza kwa safu, funga kamera mahali inapoziona, kisha endesha kwa kasi moja isiyobadilika. Uzi uliolala umeelekea nyuma na kutulia unasema hewa imeshikamana na sakafu. Uzi unaozunguka, unaopiga huku na kule au unaoelekea mbele unasema hewa imebanduka.

Na jambo la kwanza la usalama, kabla ya dalili yoyote: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi. Jeki ya haidroliki ikiachia, haitoi onyo.

"Nimeifunga lakini sioni tofauti yoyote"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na sababu yake kuu ni moja: mbele ya difyuza hakuna sakafu. Gari la barabarani chini yake kuna mashimo, mabomba, mikono ya sospensheni, tangi la mafuta na vichwa vya bolti. Hewa inafika nyuma ikiwa imechoka na imevurugika, halafu unaitaka ifuate ukuta unaopanda. Haitaufuata. Kipande cha plastiki kilichobandikwa chini ya bampa, hata kiwe cha kaboni halisi, kinabaki kuwa pambo.

Ukaguzi rahisi: safisha chini, endesha siku moja yenye vumbi au mvua, kisha lala chini utazame. Michirizi ya uchafu iliyonyooka kutoka mbele hadi nyuma ni habari njema. Ukikuta uchafu umerundikana kwenye difyuza kama vumbi nyuma ya mlango, hewa ilikuwa inajizungusha tu mle ndani.

Sababu ya pili ni mafla na difu. Impreza ina difu katikati kabisa ya mahali ambapo ungetaka koo la difyuza liwe, na mafla yake inakaa nyuma ya ekseli, ndani ya nafasi ya difyuza. Ukiizungushia difyuza kona na mikunjo ili kukwepa vitu hivi, umetengeneza ngazi. Mara nyingi ni nafuu kuhamisha mafla kuliko kuikunja sakafu. Kama difu haihamishiki, acha koo lianzie nyuma yake na ukubali difyuza fupi, au gawa difyuza njia mbili, moja kila upande wa difu, kila moja na kuta zake.

Ya tatu ni kimo. Sakafu ikiwa sentimita 18 juu ya lami, hewa haibanwi. Kati ya sentimita 6 na 10 saluni ya klabu huanza kuhisi kitu.

Ya nne ni kasi, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Presha inayotokana na mwendo wa gari huongezeka kwa mraba wa kasi. Kwenye usawa wa bahari, kilomita 60 kwa saa inakupa paskali 170 hivi. Kilomita 100 inakupa 470. Kilomita 150 inakupa 1,060. Kilomita 200 inakupa 1,890. Tuseme presha chini ya sakafu imeshuka kwa nusu ya kiasi hicho: kila mita moja ya mraba ya sakafu inavutwa chini kwa kilo 9 ukiwa kwenye 60, na kwa kilo 96 ukiwa kwenye 200. Gari la wanafunzi linalokata kona kwa kilomita 60 linaweza kunufaika, kwa kuwa lenyewe ni jepesi. Saluni ya kilo 1,200 kwenye kona ya kasi hiyo haitajua kama difyuza ipo.

Ya tano husahaulika: hewa yenyewe. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kati ya asilimia 15 na 20. Mkandamizo, yaani nguvu ya hewa inayolibonyeza gari chini, unapungua kwa kiasi hichohicho. Fundi aliyepima gari Pwani akaja kushindana Bara atadhani kuna kitu kimelegea.

"Linashika kama gundi, halafu ghafla mkia unatoka"

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, kwa sababu mara nyingi inatokea kwenye kona ya kasi, dereva akiwa ameshaanza kuliamini gari. Kinachotokea ni hewa kubanduka ndani ya difyuza. Fikiria mfereji wa maji uliojengwa kwa saruji. Ukiutanua taratibu, maji yanafuata kuta na kutulia. Ukiutanua kwa ghafla, yanapita katikati na pembeni yanabaki yakijizungusha bure. Difyuza iliyobandukwa na hewa haivuti tena, na mvuto wa sakafu nzima unashuka pamoja nayo.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba gari liko chini kuliko pembe inavyoweza kuvumilia. Wengi wanajua kwamba kushusha gari huongeza mkandamizo. Ni kweli, mpaka kikomo fulani. Baada ya hapo tabaka la hewa ya polepole linalogusa sakafu linaikaribia lami, njia inaziba, na mkandamizo unaanguka. Isitoshe, kushusha gari kunabadilisha difyuza yenyewe hata kama hujagusa bolti. Chukua difyuza yenye urefu wa milimita 700 na pembe ya digrii 9: inapanda milimita 111. Koo likiwa milimita 90 juu ya lami, njia inatanuka mara 2.2. Lishushe hadi milimita 45, na difyuza ileile, pembe ileile, sasa inatanuka mara 3.5. Umeifanya kali bila kujua. Na kwenye kona gari linalala upande mmoja, kwa hiyo upande wa nje unaweza kufika huko hata kama umepima milimita 90 gari likiwa limesimama.

Kwa hiyo, ukaguzi wa kwanza: pima kimo dereva akiwa ndani na mafuta yakiwa kwenye tangi, si gari tupu. Tazama alama za kukwaruza chini. Kisha nyanyua nyuma kwa milimita 5, rudia kona ileile. Nyanyua 5 nyingine. Ugonjwa ukipotea ndani ya milimita 10, umeshapata jibu. Iliyobaki ni kuchagua kati ya kubaki na kimo hicho, kupunguza pembe au kukaza springi.

Jambo moja linalowashangaza madereva: hewa ikishabanduka hairudi pale ilipoondokea. Gari linaweza kulazimika kunyanyuka zaidi ya kimo kile ndipo hewa ishike tena. Ndiyo maana wanasema "liliachia muda mrefu" wakati data ya kimo inaonyesha gari lilishuka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Ikiwa kimo hakikuponya, kagua koo. Sakafu bapa inayokutana na difyuza kwa kona kali ndiyo mahali pa kwanza hewa kubanduka. Weka mpindo laini wenye nusu-kipenyo cha sentimita 20 au zaidi badala ya mkunjo wa bati. Hii ni kazi ya saa mbili, na nimeiona ikiponya magari ambayo wenyewe walikuwa tayari kutupa difyuza nzima.

Baada ya koo, ndipo pembe. Kwa saluni yenye sakafu bapa mimi huanza na digrii 7, nikapanda hadi 9 au 10 nyuzi zikiendelea kulala. Digrii 12 inawezekana ukiwa na kuta nzuri na mapezi, yale mabati ya wima yanayogawa difyuza. Ukiona digrii 15 na zaidi kwenye gari la klabu, mara nyingi ni kwa ajili ya picha.

Kisha matairi ya nyuma. Tairi linapogandamiza lami husukuma hewa pembeni kwa nguvu, na sehemu ya hewa hiyo huingia ndani ya difyuza ikiwa chafu. Nyuzi za pembeni zitapiga kelele wakati za katikati zimetulia. Dawa ni ukuta wa nje wa difyuza ushuke karibu na lami na uanze mbele ya tairi, usianzie nyuma yake. Mapezi ya ndani yana kazi ileile na nyingine zaidi: kingo zake za chini huzalisha visulisuli vinavyoisaidia hewa kushikamana na dari. Mapezi matatu au manne yanatosha. Mapezi kumi ni kachumbari.

Sababu mbili za mwisho ni adimu lakini zinasumbua. Sketi za pembeni, yaani vizuizi vya kingo za sakafu, zile zinazopanda na kushuka, zikikwama juu, hewa ya nje inaingia ghafla na mkandamizo unatoweka. Mashindano ya Formula 1 yalipiga marufuku sketi za kuteleza mwaka 1981, na kufikia 1983 sakafu bapa ikawa sheria. Ya pili ni ekzosi inayotoa moshi ndani ya difyuza. Moshi wa kasi unaweza kuiongezea nguvu, lakini ukiachia pedeli ya mafuta nguvu hiyo inaondoka, na mkia unatoka wakati uleule ambao dereva anaingia kona. Mwaka 2011 timu za Formula 1 zilifikia kuendelea kuchoma mafuta hata dereva akiwa ameachia pedeli ili kukwepa jambo hilo. Wewe hamishia bomba pembeni.

SIMAMA HAPA: mkia ukitoka ghafla mara mbili kwenye kona ya kasi bila sababu inayoeleweka, usijaribu ya tatu. Ondoa difyuza au nyanyua gari, na umwite mtu wa sospensheni akague kabla ya kurudi saketini. Beringi ya gurudumu iliyochakaa au busha iliyokufa hutoa dalili ileile, na mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima na nyuzi za sufu kumbe mkono wa nyuma ulikuwa umepinda.

"Kwenye mnyoosho linadunda-dunda kama mashua"

Mvuto unaongezeka, gari linazama. Likizama sana njia ya hewa inaziba, mvuto unakatika. Springi zinalirusha juu, mvuto unarudi. Mzunguko huo unajirudia mara kadhaa kwa sekunde. Si ugonjwa mpya. Lotus 79 ilimpa Mario Andretti ubingwa wa dunia mwaka 1978 kwa sakafu iliyotumia mvuto huu, na mrithi wake, Lotus 80, ikashindwa msimu uliofuata kwa kudunda hivi. Sakafu za aina hiyo ziliporudi Formula 1 mwaka 2022, ugonjwa nao ukarudi. Watazamaji wa mbio za Azerbaijan walimwona Lewis Hamilton akitoka garini ameshika mgongo. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ikaweka kipimo cha mitikisiko mwaka huohuo, na mwaka 2023 kingo za sakafu zikainuliwa milimita 15.

Kwa gari la klabu, anza na vitu vya bei rahisi. Upepo wa matairi. Kisha shokapu: zinazovuja mafuta zinafanya gari lidunde hata bila difyuza, kwa hiyo jaribu gari kwa kasi ileile ukiwa umeitoa. Kisha sukuma sakafu kwa mkono. Ikibonyea kwa urahisi, inabonyea pia kwa hewa: inavutwa chini, inaachia, inavutwa tena, hata kama sospensheni haina kosa. Plaiwudi ya milimita 6 isiyo na mhimili ilinifundisha hili kwa aibu.

Yote hayo yakiwa sawa, nyanyua nyuma. Halafu toboa njia ndogo za hewa kwenye kingo za sakafu mbele ya tairi la nyuma ili mvuto usikatike kwa ghafla. Springi ngumu zaidi ndiyo dawa ya mwisho, maana unalipa kwa mshiko kwenye kona za polepole.

Dereva akisema anaona ukungu, kichwa kinauma au mgongo umekaza baada ya mbio, hilo limeshatoka mikononi mwa fundi. Gari lipumzike, dereva amwone daktari.

"Mbele pamekuwa pepesi"

Gari linakataa kukata kona, linasukuma kwenda nje. Swali la kwanza: kwenye kona zipi? Likisukuma kwenye kona za polepole na za kasi sawasawa, tafuta kwenye alaimenti, matairi na springi. Likisukuma kwenye kona za kasi tu, hewa ndiyo mshukiwa.

Hapa tena watu hulaumu difyuza kwa kuwa "imebonyeza nyuma". Kinachotokea zaidi ni kwamba mbele hakuna kinachosawazisha: hakuna splita (ule ubao mlalo chini ya bampa ya mbele), au splita ipo lakini iko juu, au imepinda ikaruhusu hewa kuinuka kabla ya sakafu. Sogeza koo mbele kidogo, hata sentimita 10, na mvuto mkubwa unasogea mbele pamoja nalo. Bawa la nyuma pia linahusika. Bawa lililo chini na karibu na mdomo wa difyuza huisaidia kuvuta. Ukilisimamisha zaidi umeongeza vitu viwili nyuma kwa mpigo mmoja. Lilaze digrii moja moja uone.

Kuna upande wa pili wa shilingi ambao ni wa kutisha. Pua ikiinuka kwa kasi kubwa, sakafu bapa inageuka kuwa bawa la ndege. Kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1999 magari ya Mercedes CLR yalipaa mara tatu katika wiki moja, mara mbili yakiwa mikononi mwa Mark Webber na mara moja ya Peter Dumbreck. Vilima vya barabara na hewa iliyovurugwa na gari la mbele vilitosha. Dereva akikuambia usukani unakuwa mwepesi anapopita juu ya kilele au anapomfuata mtu kwa karibu, usirekebishe kitu pale pale kwenye piti. Maliza siku. Mtafute mhandisi wa erodinamiki aliye na vipimo vya gari lako kabla halijafikishwa tena kasi hiyo.

"Nikishika breki, nyuma panayumba"

Pua inazama, nyuma inainuka, sakafu inainama mbele. Njia ya kuingilia inazibwa, difyuza inanyanyuliwa mbali na lami, na mvuto wote unakimbilia mbele. Kagua kwanza mgawanyo wa breki, ni wa bure. Kisha springi za mbele. Gari lililojengwa na mwinamo mkubwa, nyuma juu na mbele chini, hupata dalili hii mapema zaidi.

"Kompyuta iliniahidi kilo mia, lami inanipa thelathini"

Wanafunzi, hii ni yenu. Kwanza tazama kama lami kwenye uigaji wenu wa kompyuta inatembea. Lami iliyosimama inajenga tabaka lake la hewa ya polepole ambalo barabarani halipo hivyo, na kila kitu kilicho karibu nalo kinapotoka. Pili, matairi yazunguke, na yakanyage lami. Tatu, ukitumia nusu ya gari na kioo katikati ili kupunguza muda wa hesabu, hutaona kamwe kinachotokea gari likiwa limeenda upande kwenye kona. Nne, kimo: mmeiga gari lililosimama au lile lililobonyezwa na mkandamizo wenyewe? Toboeni vitundu vichache kwenye sakafu halisi, mpime presha barabarani, mlinganishe koo kwa koo. Tofauti ikiwa mbele zaidi kuliko nyuma, mnajua pa kutafuta.

Na kila mwaka kuna kundi linalotaka difyuza ya ghorofa mbili kama ile ya Brawn GP ya 2009 iliyomsaidia Jenson Button kuwa bingwa. Ile ilikuwa hila ya sheria: kanuni zilizuia kimo cha difyuza kwenda juu kisizidi milimita 175, wao wakapata nafasi zaidi kupitia matundu juu yake. Kama kanuni zenu hazina kizuizi hicho, jengeni moja kubwa na mlale usingizi.

"Imeng'oka", "inanuka", "imesagika"

Rudi kwenye ile hesabu ya paskali. Sakafu ya mita mbili za mraba kwenye kilomita 200 kwa saa inaweza kuvutwa kwa karibu kilo 190. Vikamba vya plastiki na skrubu za bampa havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Funga kwenye chasi, si kwenye bampa, kwa bolti zenye washa pana, na weka mihimili kila sentimita 30 hivi. Jaribio: simama juu ya difyuza ikiwa imefungwa. Kama unasita, umeshajijibu.

Harufu ya kuungua inatoka kwa ekzosi. Faibaglasi na kaboni zilizogandishwa kwa resini ya kawaida huanza kulegea kabla ya nyuzi joto 100, na bomba la ekzosi linapita hapo kwa mbali. Bati la alumini lenye nafasi ya hewa kati yake na sakafu hutosha mara nyingi. Lakini ukiona plaiwudi imekuwa nyeusi, au kuna mafuta ya gia yaliyodondokea kwenye sakafu, usiwashe gari. Sakafu bapa inafanya kama sinia: inakusanya kila tone linalovuja juu ya mabomba ya moto. Toa sakafu, tafuta kinachovuja, na kama ni bomba la petroli mwachie fundi wa mfumo wa mafuta.

Kusagika ni suala la kimo, na pia la wakaguzi. Tangu 1994, baada ya vifo vya madereva wawili kwenye saketi ya Imola, magari ya Formula 1 hubeba ubao chini ya sakafu, wa milimita 10, unaoruhusiwa kusagika milimita moja tu. Mwaka 2023 huko Austin, Lewis Hamilton na Charles Leclerc walifutiwa matokeo kwa ubao uliosagika kupita kiasi. Ikiwa mashindano yako yana kanuni ya namna hiyo, toboa vitundu vitatu au vinne kwenye ubao, andika unene kwenye kila kimoja, na upime tena baada ya mazoezi, wakati bado kuna muda wa kuongeza milimita 3 kwenye springi.